Bondo la Sangara Maabarani

Sisi Wahaya tunasemwa kwamba tunajisifu. Uongo mtupu. Tunasema mambo yalivyo, na kama yenyewe ni mazuri, tufanyeje? Kwa hiyo niseme yalivyo: mimi ni mkemia, na ni mkemia mzuri. Tangu nirudi kutoka masomoni Ulaya na begi moja la nguo na mawili ya vyombo vya kioo, kazi yangu yote ya utafiti nimeifanya hapa Mwanza, kwenye maabara iliyobanwa kati ya mawe makubwa upande wa Ilemela. Ukifungua dirisha unaliona ziwa. Ukisahau kulifunga jioni, kesho yake unakuta wadudu wa ziwani wamejaa kwenye bika zote.

Kwenye harusi watu huniuliza, "Dokta, wewe unatibu nini?" Nawaambia sitibu mtu, mimi nashughulika na washenga. Wanakodoa macho. Basi naeleza: kuna molekuli mbili, ukiziweka kwenye chombo kimoja zinatazamana tu kama watu waliogombana. Ukiongeza chembe ya metali iliyoshikamana vizuri na kaboni, na kwangu mimi metali hiyo ni paladi, ndugu yake platini, inaishika hii mkono, inaishika na ile, inaziunganisha, halafu yenyewe inatoka hapo ikiwa nzima na kwenda kuunganisha nyingine. Hicho ndicho kichocheo. Ni mshenga anayeozesha mji mzima na mwenyewe hapati mume. Wazee hucheka sana, kisha huniuliza kama mimi mwenyewe nimeolewa. Nimeolewa, asanteni.

Shida ni kwamba mshenga wangu anadeka. Hataki hewa ya kawaida, kwa sababu ya oksijeni, na ndiyo maana kazi yote tunaifanya ndani ya naitrojeni kutoka kwenye mtungi. Na zaidi ya hewa anachukia salfa. Salfa kidogo tu, hata ile ya kwenye kitunguu swaumu, inamng'ang'ania na kumnyonga. Akiwa mzima, mchanganyiko kwenye chupa unakuwa wa njano, njano ya ndizi mbivu. Akifa anageuka mweusi na kuanguka chini ya chupa kama masizi ya sufuria. Hapo hakuna dawa. Unamwaga, unaosha, unaanza upya, na kama hujatoa tusi basi umelelewa vizuri kuliko mimi.

Nilikuwa na mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, binti wa mwambao wa Mara, huko mbele ya Musoma. Baba yake mvuvi, mama yake anauza samaki. Tulikuwa hatufanani kwa lolote. Mimi nikikasirika jengo zima linajua. Yeye alikuwa akinisubiri nimalize, kama mtu aliyejibanza kibarazani mvua ipite, halafu anasema taratibu, "Sawa, Dokta. Sasa tufanyeje?" Mikono yake ilikuwa mizuri kuliko yangu, na hilo mjue halinitoki kirahisi. Alitengeneza kichocheo chake mwenyewe cha paladi, kikafanya kazi vizuri mno, akaandika tasnifu, tukaipeleka kwa mtahini wa nje, profesa mmoja wa Dar.

Majibu yakarudi. Profesa alisema kazi ni safi, ila matokeo ni mazuri kupita kiasi kwa maabara yenye hali kama yetu. Hatapitisha mpaka aje mwenyewe, asimame pale, aone kichocheo kikifanya kazi kwa macho yake. Kisipofanya, tasnifu haipiti.

Weee! Nilitembea korido nzima nikisema peke yangu. Hali kama yetu! Hali gani? Nilimwambia binti, "Na aje! Aje na miwani yake, aje na kiti chake!" Yeye alikuwa ameshika chupa kwenye mwanga wa dirisha, na ndani ya chupa ile mlikuwa na weusi mtupu.

Hapo ndipo penye kisa. Kichocheo kile, kilichofanya kazi mwaka mzima, kilikuwa kimegoma. Tulianza kukirudia ili tujiandae kwa ujio wa profesa, na kila tulipokirudia kilikufa. Tunawasha moto, njano. Tunakaa kidogo, kahawia. Tukigeuka kunywa chai, masizi. Miaka yote ya yule binti ilikuwa inaanguka chini ya chupa tukiitazama.

Mama yake alikuwa akipiga simu kila siku jioni, wakati binti anaosha vyombo. Aliwekwa kwenye spika, kwa hiyo nami nilisikia. Alikuwa anajua jambo moja tu la kemia, njano au nyeusi, nalo lilimtosha.

"Leo imekuwaje?"

"Nyeusi, mama."

"Haya. Kesho Mungu yupo. Umekula?"

Huyo mama nilikuwa namfahamu. Alikuwa akija Mwanza kumwona mwanae, anapanda mpaka kwenye maabara yetu, anaishia mlangoni. Nikimkaribisha anakataa kabisa. "Hapana, mwarimu, mimi nanuka samaki. Nitawaharibia dawa zenu." Alikuwa ametoka kuoga, amevaa kitenge cha kanisani, na bado anasema ananuka. Siku moja aliniambia kwamba tangu binti akiwa darasa la kwanza alikuwa akimhimiza neno hilohilo: soma, mwanangu, utoke kwenye samaki. Binti alipopata nafasi ya chuo, mama alimkataza kuwaambia wenzake nyumbani wanauza nini. Niliumia moyoni kusikia hivyo, nikamwambia mambo mengi kwa sauti kubwa, akacheka tu, akabaki hapohapo mlangoni.

Basi tukaanza kumtafuta muuaji. Tulishuku umeme, kwa sababu wiki ile ulikuwa unakatika ovyo. Tulishuku mtungi mpya wa naitrojeni, tukaubadilisha. Tulishuku maji, wadudu wa ziwani, mafuta ya nywele zangu. Nilimshuku hata mwenzangu wa chumba cha pili anayependa pilau yenye swaumu, nikampiga marufuku kupita karibu na mlango wetu. Hanisalimii vizuri mpaka leo. Chupa ikaendelea kuwa nyeusi.

Jumamosi moja nilikuwa Buzuruga, stendi, nasubiri mzigo wangu wa ndizi kutoka Bukoba. Pembeni yangu fundi pancha alikuwa anachoma kiraka kwenye tyubu ya lori. Moshi ukanijia puani. Ile harufu mnaijua, inakaba koo. Nikaikunjia uso, nikageuka upande wa pili, halafu nikasimama kama niliyepigwa kofi.

Niwaeleze. Kila chupa yetu inahitaji vitu viwili: kizibo, na juu yake kimfuko cha naitrojeni kinachotuna chupa ikipata moto na kusinyaa ikipoa, ili hewa ya nje isiingie. Vya mwanzo nilikuja navyo kutoka Ulaya, vya mpira wa aina ya pekee. Vikachakaa. Sasa, mtu wa Kanda ya Ziwa akikosa kitu anakwenda wapi? Anakwenda kwenye tyubu. Tyubu inafunga mzigo kwenye baiskeli, inaziba bomba linalovuja, inakuwa manati, inakuwa bawaba ya banda la kuku. Tukakata vizibo na vimfuko kutoka kwenye tyubu ya lori, vikakaa barabara, hakuna hata tone la hewa linalopita. Hata kabla hatujavijaribu kwenye moto nilivisifia mpaka kwenye mkutano wa wakemia, na picha nikaonyesha. Ubunifu wa Mwanza! Watu wakapiga makofi.

Na tyubu inakomazwa na nini kiwandani? Salfa! Nimewafundisha watoto wa watu jambo hilo miaka yote! Toluini ya moto, kile kimiminika tunachochemshia, inapanda kama mvuke, inaramba mpira, inarudi chini na salfa yake, inamnyonga mshenga wangu mbele ya macho yangu. Na kwa kuwa vizibo tulivibadilisha wiki ileile ya umeme na mtungi mpya, hakuna aliyevifikiria.

"Salfa!" nikapiga kelele katikati ya stendi. "Ni salfa, jamani!"

Mama mmoja muuza karanga akaniuliza, "Unauzaje?" Fundi pancha yeye alisogeza tyubu yake mbali nami. Nikampa mkono, nikamshukuru sana, nikaondoka nikikimbia, na mzigo wangu wa ndizi nikausahau kabla haujafika.

Jumatatu tulitupa tyubu zote. Kizibo hakikuwa tatizo, tulikuwa nacho cha kioo. Tatizo lilibaki kimfuko. Tuliagiza kipya kutoka nje, tukaambiwa kitafika baada ya mwezi na zaidi, na profesa alikuwa anakuja wiki ya pili yake. Tukajaribu mapulizo ya watoto, yale ya sherehe: nayo ni mpira, nayo yana salfa, nyeusi. Tukajaribu mfuko wa plastiki, kwanza kuupata wenyewe siku hizi ni kama unatafuta bangi, na mvuke wa toluini ukaulainisha mpaka ukapasuka. Nikajaribu kimfuko cha karatasi ya aluminiamu. Naomba hicho tusikizungumzie.

Kwa mara ya kwanza nilimwona binti amekaa chini. Alisema, "Dokta, labda nirudi tu nyumbani nikamsaidie mama." Alisema kwa utulivu uleule wa siku zote, na utulivu ule ndio ulionitisha. Sikugomba. Nikamwambia Jumapili aje kwangu tule.

Jumapili akaja na ndoo ya barafu. Mama yake alikuwa ametuma sangara kwa basi, zawadi ya mwalimu. Tukamweka mezani, binti akampasua, akachungulia ndani.

"Mama ameacha bondo," akasema.

Ambaye hakukaa huku ziwani hawezi kuelewa uzito wa maneno hayo. Bondo ni kile kifuko cha hewa tumboni mwa sangara kinachomwezesha kuelea. Siku hizi wanunuzi wanakigombania kukisafirisha nje, na samaki hata hajafika sokoni kimeshachomolewa. Ukienda soko la Mwaloni unanunua samaki, bondo hulioni. Mtu akikuletea sangara na bondo lake ndani, amekuheshimu heshima ambayo hata mkwe haipati kila siku. Nikasema, "Mama yako ni mtu wa ajabu," na macho yakaniwasha.

Binti alilichomoa taratibu bila kulichana. Lilikuwa jeupe, linateleza, limetuna. "Utotoni tulikuwa tunayapuliza," akasema. "Wakati hayajawa na bei. Tunafunga na uzi, tunayachezea mpira siku nzima na hayapungui upepo." Akalibonyeza kwa vidole. Likabonyea, likarudi.

Tukatazamana juu ya yule samaki.

"Halina salfa ya kutoka," akasema.

"Halipitishi gesi," nikasema. "Lingekuwa linapitisha, sangara angezama!"

Samaki nilimwacha kwenye sinia, jiko nililizima, tukaondoka na bondo kwenye bakuli. Binti alilisafisha, akaingiza mdomo wa bomba la kioo, akalifunga kwa uzi wa pamba, akalijaza naitrojeni. Likasimama juu ya chupa kama paja la mtoto mnene. Tukawasha moto. Lilituna kidogo, likatulia. Chupa ikawa njano. Tukakaa tukiitazama, hakuna aliyethubutu kwenda kunywa chai. Ikabaki njano. Nilicheka, nikaimba, nikacheza ngoma ya kwetu katikati ya maabara, na binti yule asiyecheka ovyo alijishika mbavu.

Lakini bondo ni nyama. Kesho yake lilikuwa limekauka na kupasuka kama ngozi ya kiatu cha zamani. Maana yake ni moja: siku ya profesa tungehitaji bondo bichi. Binti akampigia mama yake.

"Mama, siku ya mtihani nahitaji sangara mwenye bondo. Asubuhi yake."

"La kula?"

"La kazi yangu, mama. La maabara."

"Weka simu vizuri, sikusikii. La wapi?"

Ilibidi niingilie mimi. Nilimweleza mambo ya salfa na mshenga na tyubu mpaka salio likaisha. Alipopiga tena alisema neno moja tu: "Nakuja naye mwenyewe."

Siku ikafika. Profesa alipanda ngazi zetu asubuhi mapema, mtu mrefu, mpole, mwenye suti ya kijivu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, akaniharibia kwa kunishika mkono na kuulizia afya yangu. Binti alimwamkia, "Shikamoo, Profesa," akaitikia "Marahaba" kwa unyenyekevu kabisa. Kila kitu kilikuwa mezani: chupa, jiko, mtungi, paladi. Juu ya kizibo hapakuwa na kitu. Simu ya binti ikalia. Mama alikuwa Magu, na basi limesimamishwa kwa ukaguzi.

Nilimpeleka profesa kuangalia mawe. Nilimwonyesha kila jiwe upande ule wa Ilemela. Nilimwonyesha mijusi wenye vichwa vyekundu, nikamweleza habari za madaraja na vivuko, nikamweleza ukoo wangu wote. Yule bwana alivumilia kama mtakatifu. Hatimaye bodaboda ikapanda kilima ikinguruma, na nyuma yake mama yule, kitenge cha kanisani kimefungwa barabara, ndoo mapajani ameikumbatia kwa mikono miwili.

Alimpasua samaki palepale nje kwenye jiwe, kisu chake mwenyewe, mara moja tu, na bondo likatoka zima. Akamkabidhi mwanae. Halafu akarudi nyuma, akakaa kwenye jiwe.

"Karibu ndani, mama," nikasema.

"Hapana, mwarimu. Leo hasa nanuka."

Ndani, binti alifunga bondo juu ya bomba, akalijaza gesi. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Hiki ni nini?"

"Bondo la sangara, Profesa."

Profesa alicheka. Kisha akaona hatucheki, akaacha. "Kwa nini si mpira?"

Binti akamweleza. Alieleza salfa, akamwekea mezani chupa nyeusi tulizozihifadhi, zile za tyubu na zile za mapulizo, akamwonyesha masizi. Hakuficha hata moja. Profesa aliuliza maswali mengi, mengine magumu, na yote yakapata majibu yake bila mtu kupandisha sauti. Mimi nilikuwa nimejibana ukutani nimeuma kitambaa, maana nilikuwa nimeahidi nitanyamaza.

Moto ukawashwa. Bondo likatuna taratibu. Njano. Profesa akavuta kiti, akakaa pua karibu na kioo. Saa zikaenda. Nilikuwa nikichungulia dirishani naona mgongo wa mama pale juani, hatikisiki. Nikirudi mezani naona njano. Profesa hakwenda kunywa chai na hakuomba maji. Mwishowe binti alizima moto, akaacha chupa ipoe, na fuwele nyeupe zikaanza kuanguka, nyingi, safi kama chumvi, ndani ya ile njano.

Profesa aliinama akazitazama fuwele. "Nilikosea," akasema. "Matokeo yako si mazuri kupita kiasi. Ni mazuri tu." Akainuka, akampa binti mkono, akamwita kwa cheo chake kipya: Daktari. Kisha akauliza, "Mbinu hii ya bondo uliipata kwa nani? Lazima iandikwe kwenye tasnifu."

"Kwa mama yangu," binti akajibu. "Sisi kwetu tunauza samaki."

Profesa akatoka nje mwenyewe, na suti yake. Nilimsikia akisema, "Mama, tafadhali, ingia." Sikusikia alichojibiwa, ila nilimsikia akirudia, "Hapana, hapana, ingia tu, tunakusubiri wewe." Na mama yule, ambaye miaka yote aliishia mlangoni, akavua ndala zake kana kwamba anaingia kanisani, akavuka. Mikono alikuwa ameificha ndani ya kitenge. Hakumtazama profesa, wala mimi. Alimtazama mwanae.

"Imekuwa nyeusi?"

Binti akaitoa chupa chini ya bondo, akauchukua mkono wa mama yake kutoka ndani ya kitenge, ukiwa bado na magamba ya samaki, akaiweka chupa humo.

Mama aliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Ya njano," akasema.

Kisha akapiga kigelegele, kimoja kirefu, na mwenzangu wa chumba cha pili akaja mbio kuuliza kuna nini. Nikamwambia aingie, hata kama amekula pilau.